Mguu wa Kuingilia Majini

Mwaloni Kibirizi, mtumbwi haupati wanunuzi wake mchangani. Unawapata majini. Mbalamwezi ikishapita na kiza kipya kikaingia, zile siku za usiku usio na mwezi, wavuvi hupakia karabai zao na kurudi ziwani, na alfajiri ya kwanza wanaporudi na dagaa, wanawake huwalaki maji yakiwa kiunoni. Kila mmoja hushika ubavu wa mtumbwi anaoutaka kabla haujafungwa kamba. Mwenye mtumbwi huitazama mikono, huwataja wenye mikono, basi. Hao ndio watakaopimiwa dagaa kiza chote hicho. Asiyeshika alfajiri hiyo atanunua kwa wenzake, na mwenzako hawezi kukuuzia wale walio wazuri.

Honorata alikuwa ameushika mtumbwi wa Mwinshehe tangu ulipoteremshwa majini kwa mara ya kwanza, bado mbao zikinuka mawese ya kuzibia. Aliushika akiwa na mimba ya mwanawe Elikana. Aliushika akiwa na homa. Hakusoma hata siku moja, hakuwa na shamba la kusema ni lake, na mume wake Feliksi alikuwa mtu wa kupenda pombe na maneno. Kwa hiyo ule ubavu wa mtumbwi ndio uliokuwa nyumba yake. Elikana alikulia juu ya dagaa, akaondoka na kazi za reli, na Honorata akaendelea kushika.

Kisha ukaja mwaka wa watu wa Burundi. Walikuja usiku na mchana, katika mitumbwi iliyojaa mpaka maji yakichungulia ndani. Watu wa Kibirizi waliingia majini kuwapokea watoto, na Honorata naye akaingia. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amemnyanyua mtoto wa nne au wa tano pale wimbi lilipougeuza mtumbwi mmoja ubavu, ukambana mguu kwenye jiwe. Mguu ulivimba, ukaoza, na hospitali wakaukata chini ya goti. Mtoto yule alichukuliwa na mama yake, wakaenda zao kambini. Honorata hakuwahi kuijua sura yake, na watu walipomwambia kwamba Mungu atamlipa, aliwauliza kama Mungu naye huuza dagaa.

Feliksi alivumilia miezi michache. Baadaye alihamia Ilagala kwa mwanamke mwenye miguu miwili. Aliyebaki ni dada yake Feliksi, Eufrasia, ambaye Honorata alimwita wifi kwa sababu hakuwa na jina jingine la kumwita bila kutukana.

Eufrasia alisema, "Wifi, usihangaike. Mimi nitakushikia."

Akamshikia. Kiza cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka ikawa mazoea. Lakini mkono uliokuwa ubavuni ulikuwa wa Eufrasia, kwa hiyo dagaa walipokelewa na Eufrasia, na Honorata akawa anagawiwa. Aligawiwa waliopondeka, waliochanganyika na mchanga, waliolala mpaka matumbo yakapasuka. Jioni Eufrasia alipita kwa majirani akisema jinsi anavyomlisha kilema wa kaka yake. Maneno hayo yalimfikia Honorata kila mara, kwa maana Kibirizi hakuna ukuta usio na sikio.

Si kwamba hakuwa na mguu. Alipewa mmoja na wamisheni, wa plastiki, rangi ya mtu ambaye hayupo Kigoma, wenye mikanda ya ngozi. Kwa mguu ule alikwenda kanisani, alikwenda sokoni Ujiji, alipanda mpaka Buzebazeba kumsalimu dada yake bila kushikwa mkono na mtu. Hilo hakulikana. Lakini walimwonya asiuloweshe. Aliulowesha mara moja, na ngozi ikaanza kunuka, vyuma vikashika kutu, na kiungo cha kifundo kikawa kinalia kila akikanyaga. Ulikuwa mguu wa watu wanaoishi mbali na ziwa.

Siku moja mbalamwezi ikiwa imeanza kupungua, Mwinshehe alimwita. Alikuwa mzee wa haki, mswalihina, asiyependa kugombana na wanawake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Elikana. Mguu unaendeleaje?"

"Upi? Uliozikwa au huu?"

Mwinshehe alijikuna ndevu. "Wanawake wamelalamika. Wanasema kushikiana kunaleta ugomvi, leo huyu kamshikia yule, kesho hatujui nani ni nani. Kuanzia kiza kijacho, mkono ni wa mwenyewe. Anayeshika anajishikia."

"Nani amelalamika?"

Mzee alitazama ziwa kana kwamba jibu liko huko.

"Eufrasia," Honorata alisema.

"Mimi sikumtaja mtu."

"Hukumtaja. Na mimi nikija majini mwenyewe?"

"Mkono wako ukigusa ubavu wangu kabla ya kamba, nani atakukatalia? Lakini mama, maji ni maji. Sitaki kuja kukuzika."

Alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, magongo yakiwa mapajani. Sasa aliona jinsi alivyofanywa. Kwanza mtu anakuonea huruma, kisha anaizoea nafasi yako, kisha anaomba sheria ibadilishwe. Kiza kingeingia baada ya siku chache. Akikosa alfajiri ile, Eufrasia angekuwa mwenye mkono kwa jina lake mwenyewe, na hata dagaa wale waliochanganyika na mchanga asingewapata ila kwa kuomba.

Mwisho wa mwalo, penye mitumbwi iliyopinduliwa, alifanya kazi fundi mmoja Mrundi aliyeitwa Manirakiza. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, ambaye mitumbwi yake ilisifiwa hata na waliosema wakimbizi wafukuzwe. Honorata hakuwahi kumsalimia. Siku hiyo alimwendea kwa magongo, akasimama juu ya vumbi la randa.

"Mwakeye, mama," fundi alimsalimia kwa Kirundi.

"Watu wako walinivunja mguu. Nataka unitengenezee mwingine."

Manirakiza aliweka tezo chini. "Mimi nilikuja kwa miguu, mama. Nilipitia Manyovu. Kama kuna mtu wa kudaiwa, tafuta waliokuja kwa mtumbwi."

"Wako kambini. Wewe ndiye uliye karibu."

Fundi alicheka kidogo, puani. Halafu akauliza mguu wa kufanyia nini, na Honorata akamweleza: wa kuingilia majini. Usioze. Usizame mchangani. Wa mtu kusimama kiunoni na kushika mtumbwi. Malipo yake yangekuwa chakula, ugali wa muhogo na kisamvu kila siku atakapokuwa kazini, kwa kuwa fundi yule hakuwa na mtu wa kumpikia.

Alimpima kwa kamba, mguu mzima kwanza, kisha kigutu, akifunga vifundo. Hakuona aibu wala hakumwonea huruma, na Honorata aliliona hilo. Kazi ikaanza. Alichonga vipande viwili vya ubao wa kutengenezea mtumbwi, akavichimba ndani ili mguu uwe mwepesi, akaviunganisha, akaziba mishono kwa pamba iliyochovywa mawese, akigongagonga kwa patasi butu kama anavyoziba ubavu. Juu akafanya kikombe cha kuingiza kigutu, kilichotandikwa mpira wa tairi. Chini, badala ya unyayo, akachonga kitu kipana kama kafi, kwa sababu mchanga wa Kibirizi humeza chochote chembamba. Mikanda ilikuwa ya tyubu ya baiskeli.

Alipomaliza aliuzamisha mguu ndani ya pipa la maji, akausukuma chini kwa mikono miwili, akautoa, akaupangusa na kuutikisa sikioni.

"Hauvuji," alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezaa.

Waliujaribu alasiri. Mbalamwezi ile mwalo haukuwa na kazi, na watu walikuwa wamekaa kwenye mchanga wakishona nyavu na kusukana. Honorata aliteremka na mguu mpya, bila magongo, na maongezi yakapungua. Maji yalifika kwenye kifundo, kisha gotini. Kafi lile lilishika chini vizuri. Alihisi kifua chake kikifunguka. Akaendelea mbele mpaka mapajani, na hapo mguu ukawa kama si wake. Ulikuwa mwepesi mno. Kila alipoukanyaga chini, ulimsukuma juu. Akapiga hatua nyingine, maji yakamfika kiunoni, na mguu ukapanda wenyewe, polepole, bila kumwuliza, ukatokeza juu ya maji mbele yake kama pua ya mtumbwi, na yeye akaenda nyuma, kichwa chini.

Alimeza maji. Alipapasa mchanga kwa mikono, akatafuta namna ya kusimama, lakini kila alipoinua kichwa mguu uliinuka zaidi. Mikono ikamshika makwapani, ikamburuta mpaka ufukweni. Alipofumbua macho aliona uso wa Eufrasia.

"Wifi," Eufrasia alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "mguu wako unataka kwenda Kongo peke yake."

Mwalo mzima ulicheka. Hata waliokuwa hawamchukii walicheka. Eufrasia akamfunika kwa kanga yake mwenyewe, akampangusa uso, akamwambia mambo ya wazima awaachie wazima. Honorata angeweza kusamehe kicheko. Kanga ile ndiyo iliyomchoma.

Kesho yake asubuhi aliurudisha mguu kwa fundi. Alimkuta akikusanya vyombo vyake kwenye gunia. Gari lenye kipaza sauti lilikuwa limepita: wakimbizi wote wanaoishi mjini na vijijini wajiandae kupelekwa kambini, na lori la upande wa Kibirizi lingekuja mchana huo. Mtumbwi aliokuwa akiujenga ulikuwa na mbavu tu, haujavikwa mbao.

"Unaelea," Honorata alisema.

"Niliona."

"Nani alikwambia unitengenezee mtumbwi?"

Manirakiza aliuchukua mguu, akaugeuzageuza. Maisha yake yote alikuwa amepambana na maji yasiingie, na mkono wake ulikuwa umefanya ulichokizoea. Alisema angeweza kufunga risasi za kuzamishia wavu kwenye kafi. Walijaribu ndani ya pipa. Mguu ulizama, lakini ulipotolewa ulikuwa mzito kiasi kwamba Honorata alipoufunga hakuweza kuunyanyua mchangani. Angefikaje majini? Wakazifungua risasi.

"Utoboe," alisema Honorata. "Maji yaingie ndani. Nikiwa majini uwe mzito, nikitoka yamwagike."

"Oya," fundi alikataa.

"Kwa nini?"

"Mama, sijawahi kutoboa kitu nilichokiziba. Mkono wa fundi ukianza kutoboa, nani tena atapanda mtumbwi wake? Kwetu baba yangu aliniapisha."

"Mtumbwi kazi yake kuelea. Mguu wangu kazi yake kuzama. Baba yako alikuapisha juu ya miguu?"

Nje, upande wa barabarani, mtu alikuwa akiita wakimbizi watoke na mizigo yao. Manirakiza aliingiza mkono ndani ya gunia, akatoa keekee, akamwekea Honorata mapajani.

"Toboa mwenyewe," alisema. "Mimi sitazami."

Akageuka, akaelekeza uso kwenye mbavu za mtumbwi wake. Honorata alikuwa hajawahi kushika keekee. Aliubana mguu katikati ya mapaja, akaelekeza ncha juu kidogo ya kafi, akazungusha. Ubao ulilia. Tundu la kwanza lilitoka safi. La pili, juu karibu na kikombe, ili hewa ipate pa kutokea, alilazimisha, na alisikia sauti fupi, kama kijiti kikivunjika.

"Umepasua," fundi alisema bila kugeuka.

"Nimetoboa."

Alikuja kutazama. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka tundu la juu, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Alipitisha ukucha juu yake. Alichukua waya, akauzungusha pale penye ufa, akaukaza kwa koleo mpaka ukazama ndani ya ubao.

"Utashika?" Honorata aliuliza.

"Ukitembea taratibu, utashika. Ukipigwa na kitu, sijui. Nenda ukaujaribu sasa, nipo."

Honorata alitazama ufukweni. Eufrasia alikuwa pale na wenzake, wanaanika makapi ya kiza kilichopita. "Sitaanguka mara mbili mbele ya yule kwa majaribio," alisema. "Nikianguka, nianguke kwenye shughuli."

Lori lilikuja. Manirakiza alipanda na gunia lake, na Honorata alimpa ugali uliofungwa kwenye jani. Hakumwambia ahsante. Alisema, "Huo wa jana ulikuwa na chumvi kidogo, huu nimeongeza," na fundi akaitikia, "Ego, mama," na gari likaondoka.

Jioni hiyo kiza kiliingia, na mitumbwi ikatoka. Alfajiri, kabla anga haijafunguka vizuri, Honorata alikuwa mchangani, mguu umefungwa, beseni kichwani. Upepo ulikuwa umeamka na ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi mafupi. Wanawake walipomwona walipishana macho. Eufrasia alisimama mbele ya wote, kanga imefungwa juu ya magoti.

"Wifi, si unaona maji yalivyo? Rudi. Nitakugawia, sikugawii siku zote?"

"Hakuna kugawiana. Si ndivyo ulivyowaambia?"

Taa za mitumbwi zilikaribia. Mtumbwi wa Mwinshehe ulijulikana kwa injini yake inayokohoa. Wanawake wakaingia majini kwa kelele, na Honorata akaingia nyuma yao.

Kifundo. Goti. Kisha maji yakalipata tundu la chini. Aliyasikia yakiingia, yakigugumia ndani ya ubao, yakapanda baridi mpaka yakagusa kigutu. Hewa ilitoka kwa juu ikitoa mapovu. Alisimama, akingoja mguu uamue. Ulishuka, ukakaa chini, ukabaki. Akapiga hatua. Ukaja naye, mzito, wa kusukumwa na nyonga, lakini ulikuja. Maji yakafika mapajani, yakafika kiunoni, na kafi bado lilikuwa chini.

Mbele yake wanawake walikuwa wamejipanga upande wa ufukweni, bega kwa bega, mikono tayari. Eufrasia alimwona anakuja. Alipanua viwiko tu, na yule wa pembeni yake akajibana, na nafasi ikaisha.

Honorata alijua hawezi kusukumana. Akisukumwa mara moja, waya ungeachia. Palikuwa na upande mmoja tu uliobaki, upande wa ziwani, ambako hakuna mwanamke anayekwenda kwa sababu maji yanafika kifuani na mawimbi yanakuja kwa nyuma. Akazunguka. Mtumbwi ulikuwa unakuja, na mtu alikuwa tayari mbele na kamba mkononi. Wimbi likampiga mgongoni. Mtu mwenye miguu miwili lingemwinua. Yeye, mguu uliojaa maji ulimshikilia chini kama nanga, na alipoinama mbele alihisi kitu kikiteleza kwenye goti. Waya. Kisha alihisi ufa ukifunguka, polepole, kila hatua kidogo. Beseni lilianguka likaelea. Hakuligeukia. Maji yalikuwa shingoni sasa, akayatema, akanyoosha mkono juu bila kuona, na vidole vikagonga ubao wenye magamba.

Alishika.

"Ngojeni kamba," Mwinshehe alisema kutoka mbele. Alikuwa akitaja majina upande wa ufukweni, mmoja mmoja, na Eufrasia akiwa wa kwanza. Akageuka, akamulika karabai upande wa pili. "Mkono huu wa nani?"

"Wa Honorata."

"Wa Honorata mwenyewe?"

"Njoo uuguse, Mzee."

Mwinshehe hakuja kuugusa. Alitaja jina lake kama alivyotaja mengine, kwa sauti ile ile, na mtu wa kamba akafunga.

Walimpimia akiwa bado majini. Mvuvi mmoja alilinasa beseni lake, akalijaza, akalishusha juu ya maji. Honorata alilisukuma mbele yake likielea, na maji yalipofika gotini, mguu ulipasuka vipande viwili. Alikaa chini ghafla, maji yakimfika tumboni. Eufrasia, aliyekuwa anapita na beseni lake, alinyoosha mkono.

"Pita," Honorata alimwambia.

"Wifi, utatokaje?"

"Pita."

Alitoka kwa makalio, akijirudisha nyuma kwa mkono mmoja na kuvuta beseni kwa mwingine. Wapo waliocheka, akawaacha wacheke. Vile vipande viwili vilikuja na wimbi na akaviokota, maana vilikuwa na vipimo vyake vyote. Kiza chote angepimiwa, na wachukuzi wangemletea dagaa mpaka mchangani. Mbalamwezi ikirudi angevaa mguu wa kanisani, apande gari mpaka kambini akamtafute Manirakiza, amwambie safari hii aunde mguu wenye matundu tangu mwanzo.

Jua lilipotoka alikuwa amekwisha mwaga dagaa wake, anawasambaza kwa kiganja, wanang'aa, hakuna hata mmoja aliyepondeka. Eufrasia alikuja na fagio kuandaa pahali pake, akasimama pembeni.

"Basi wifi," alisema, "sasa tuko sawa."

Honorata hakuinua kichwa. "Hatuko sawa. Dagaa wako ni wale, wangu ni hawa. Zunguka kule, usinikanyagie."

Eufrasia akazunguka.